Miezi miwili natafuta makala za sonona ya mama waliojifungua, kumbe naomba Panadol kwenye leja iliyoandikwa paracetamol

#1 Muuguzi wa Makorora, Jumatano saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Wakubwa shikamooni.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, uzi wangu wa kwanza ndio huu, mnivumilie nikizunguka. Najua kuna wenzangu saa hizi mmekaa na bando la usiku mnatafuta makala za saikolojia, hampati kitu, na mmeshajiaminisha kwamba tatizo ni Kiingereza chenu. Siyo Kiingereza.

Niko Tanga mjini, kliniki ya mama na mtoto, na jioni nasoma shahada ya pili ya saikolojia kwa masafa. Utafiti wangu ni sonona baada ya kujifungua kwa mabinti wadogo. Sikuuokota hewani. Kuna binti alikuwa anakuja na kichanga cha wiki sita, anakaa benchi la mwisho, jina likiitwa haitiki mpaka bibi yake amguse bega. Kadi la mtoto safi kabisa, uzito unapanda kila mwezi. Hali ya mama mwenyewe haina hata mstari wa kuandikia. Nikasema hili ndilo nitakalosoma.

Sura ya pili, mapitio ya maandiko, nikaipeleka kwa supavaiza ikiwa na makala kumi na moja. Ikarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Hivi ndivyo vyote vilivyoandikwa duniani?" Sikulala.

Nilichokuwa nafanya ni hiki. Naandika kwenye sanduku la kutafutia vile ninavyoongea na mtu: what makes teenage mothers sad after giving birth in Tanga. Nikawa naletewa malaria. Ukiandika "Tanga" kwenye mtandao wa wanasayansi, dunia inakuletea mbu wa Muheza na Korogwe, maana watafiti wamewafuata huko miaka na miaka, halafu inakuletea waandishi ambao jina lao la ukoo ni Tanga na hapa hawajawahi kukanyaga. Mara moja nikasema niwe mjanja, nikaifungia sentensi yangu yote kwenye alama za fungua semi na funga semi. Jibu: sifuri. Bila shaka sifuri! Nilikuwa nauliza kama kuna mtu duniani ameandika sentensi yangu neno kwa neno.

Nilipoenda Dar kwa wiki ya ana kwa ana nikamfuata mkutubi wa chuo, mama mtu mzima. Hakuigusa kompyuta kwanza. Akaniuliza, "Mwanangu, kazini kwako mtu akija dirishani akaomba Panadol, wewe kwenye leja ya stoo unatafuta neno gani?" Nikamwambia natafuta paracetamol. Akasema, "Basi wewe ndiye mteja. Leja hujaifungua."

Kanzidata aliyonifungulia ni APA PsycInfo, ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Ina kumbukumbu zaidi ya milioni 5 za makala, vitabu na tasnifu. Kila andiko linaloingia linapewa maneno rasmi kutoka kwenye orodha moja maalumu, bila kujali mwandishi mwenyewe aliliitaje jambo lake. Mwandishi wa London aandike "postnatal", wa Chicago aandike "postpartum", wa tatu asiandike lolote kati ya hayo, ndani ya leja wote watapangwa chini ya "Postpartum Depression". Ukiujua mlango huo, umewapata wote watatu. Usipoujua, utampata yule mmoja aliyeongea kama wewe.

Sasa unaujuaje mlango? Hapa ndipo nilipokuwa nimelala. Mama yule akaniambia nimtajie makala moja tu ninayoiamini. Nikamtajia ya Profesa Sylvia Kaaya na wenzake ya mwaka 2002, waliopima kama dodoso la Hopkins, la dalili za sonona na wasiwasi, linafaa kwa wajawazito wenye VVU pale Dar es Salaam. Akaiita kwa kichwa chake, ikaja. Mimi nikataka kusoma ikisiri, ule muhtasari wa makala, yeye akateremka moja kwa moja mpaka chini, kwenye kile kiorodha cha maneno ya bluu ambacho mimi siku zote nilikiona kama takataka za ukurasa. Akasema, "Haya ndiyo majina ya dukani. Yanakili kwenye daftari." Kisha akabofya moja, na dirisha likajaa ndugu wa ile makala.

Tukafungua na hiyo orodha yenyewe. Inakuonyesha neno, juu yake neno pana zaidi, chini yake maneno finyu, pembeni ya jirani. Nikaandika "depression" kwa kujiamini. Wapi! Kuna "Major Depression" ambayo ni ugonjwa, na kuna depression nyingine ambayo ni hisia tu ya huzuni ya mtu asiye mgonjwa, na hizo ni rafu mbili tofauti. Wiki zote zile nilikuwa nimesimama katikati ya rafu mbili.

Utaftaji wetu ukawa hivi. Kwenye ukurasa wa kutafuta kwa kina kuna masanduku matatu, moja chini ya jingine, na kati yake neno AND, yaani makala iwe na mawazo yote matatu. Kila sanduku unalipa wazo moja tu, na ndani yake unapanga majina yote ya wazo hilo kwa OR, yaani lolote kati yake linatosha.

Sanduku la kwanza: "postpartum depression" OR "postnatal depression" OR "perinatal depression" OR "maternal depression"

Sanduku la pili: adolescen* OR teen* OR "young mothers"

Sanduku la tatu: Tanzania OR Kenya OR Uganda OR Africa*

Ile nyota inashika mikia yote ya neno: adolescent, adolescents, adolescence. Ila hapohapo nikapata funzo la pili. Nyota ya Africa* ilinijazia "African American". Kurasa na kurasa za mabinti weusi wa Marekani. Makala nzuri, lakini mimi nina binti wa Tanga. Nikataka kuandika NOT "African American", mama akanishika mkono: ukifanya hivyo, utafiti wowote uliolinganisha wa kule na wa kwetu unautupa nao. Tukaondoa nyota, tukaandika nchi moja moja.

Makosa yangu mengine mawili, kisha nikalale. Nilikuwa naweka tiki pale penye "makala kamili tu", nikidhani naokoa muda. PsycInfo kwa asili yake ni leja ya ikisiri, makala yenyewe mara nyingi iko kwingine, na ile tiki ilikuwa inanifichia zilizo bora. Tafuta kwanza, habari ya kuipata makala nzima ni ya baadaye. Na kichujio cha umri: "Adolescence" kwao ni miaka 13 hadi 17. Binti wa miaka 18 anahesabiwa kwenye ujana wa utu uzima, 18 hadi 29. Huku kwetu tafiti nyingi za wazazi wadogo zinachukua 15 mpaka 19, kwa hiyo ukiweka tiki moja unaikata hesabu katikati. Weka zote mbili.

Sura ya pili sasa ina makala hamsini na kitu na supavaiza hajarudisha kalamu nyekundu. Karibuni kwa maswali.

#2 Kahawa Chungu, Jumatano saa 2:58 usiku

Naweka kigoda hapa. Tiririka dada.

#3 Sahare Boy, Jumatano saa 3:20 usiku

Dada umeandika vizuri ila mnajitesa bure. Google Scholar ipo tangu 2004, haidai nywila, haidai chuo. Andika, soma, nakili, lala. Na siku hizi hata huko sifiki, naiuliza akili bandia inanipangia makala kumi na waandishi wake na miaka yake. Dakika mbili. Nyie endeleeni na leja.

#4 Muuguzi wa Makorora, Jumatano saa 3:41 usiku

Sahare Boy, mdogo wangu, Scholar sikatai, naitumia. Pale penye "imenukuliwa na" pana utamu wake: unachukua ile makala yako ya 2002, unabofya, unaona nani waliitumia baadaye mpaka mwaka huu. Shida yake ni kwamba haina ile orodha rasmi. Inasoma maneno yaliyomo kwenye karatasi, basi. Huwezi kuiambia "nipe za umri huu, za njia hii ya utafiti". PsycInfo unachagua kabisa: utafiti wa kufuatilia watu kwa muda mrefu, wa mahojiano, uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja.

Akili bandia nayo nakupa kisa. Mwanadarasa mwenzangu aliletewa makala kumi hivyohivyo, kichwa kizuri, jarida la kweli, mwandishi wa kweli. Kwenye kuzisaka, tatu hazikuwahi kuandikwa na binadamu yeyote. Ile namba ya DOI, ya kuitambulisha makala mtandaoni, ukiibandika inakupeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa. Alijua akiwa ameshasimama mbele ya jopo. Mtumie kukupa visawe vya neno, hapo anafaa. Orodha ya makala usiipokee bila kuiona kwa macho yako.

#5 Mstaafu wa Rafu, Alhamisi saa 12:15 asubuhi

Marahaba wote mlioamkia.

Nimefanya kazi ya ukutubi tangu enzi za kadi za droo, sasa nimepumzika Raskazone nalima mchicha. Bi Muuguzi umeeleza vizuri kuliko semina nyingi nilizokaa, niongeze machache na nikukosoe moja.

Hiyo kanzidata mnayoibofya ilikuwa karatasi. Psychological Abstracts, ilianza 1927, ikatoka mpaka 2006. Majuzuu mazito yenye herufi za kuumiza macho. Mtafiti alikuwa anaanza na faharasa ya mwisho wa mwaka, ananakili namba, anarudi kwenye juzuu, anasoma ikisiri, kisha anaandika barua Ulaya kuomba nakala. Upande wa kompyuta ulianza 1967, na ile orodha ya maneno rasmi ilichapwa mara ya kwanza 1974. Naeleza haya kwa sababu yana kazi leo: maneno hubadilika. PTSD, yale majeraha ya akili yanayofuata tukio la kutisha, iliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, kwa hiyo ukitafuta majeraha ya vita ya miaka ya arobaini kwa jina hilo utarudi mikono mitupu. Ulemavu wa akili kwa miongo mingi uliandikwa "mental retardation", leo ni "intellectual disability". Anayetaka historia lazima aandike na jina la zamani hata kama linamchefua. Nchi nazo vivyo hivyo: kabla ya 1964 sisi ni Tanganyika.

Na majina ya mahali, usitupe yote kwa sababu "Tanga" imekuchosha. Jina la kawaida linakupa makapi, jina adimu linakupa dhahabu. Andika "Lutindi" tu, bila kitu kingine. Utakutana na ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya kule milimani Korogwe, ya tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Malaria haitakusumbua.

Sasa kukukosoa. Umeonyesha hatari ya NOT kwa mfano mmoja kisha ukapita haraka, na mimi nakushuku. Hujawahi kuandika NOT HIV?

#6 Muuguzi wa Makorora, Alhamisi saa 6:50 mchana

Shikamoo mzee. Umenikamata.

Niliandika. Wiki ya kwanza niliona nusu ya makala za wajawazito wa Tanzania ni za VVU, nikasema hizi si zangu, NOT HIV, ikapungua, nikafurahi. Na ile makala ya 2002 niliyoisifia pale juu, iliyonifungulia kila kitu, ni ya wajawazito wenye VVU. Ningeendelea na NOT yangu nisingeiona mpaka leo. Niliipata kwa sababu mwalimu mmoja aliitaja darasani. Nimeficha hilo kwenye uzi wangu kwa aibu.

#7 Mstaafu wa Rafu, Alhamisi saa 7:05 mchana

Marahaba mwanangu. Nilijua. Kila mtu ana NOT yake.

#8 Binti wa Muheza, Alhamisi saa 10:30 jioni

Haya yote matamu, lakini chuo chetu hakijalipia hiyo PsycInfo. Nimejaribu kuingia, wananiomba dola. Tunafanyaje sisi wa mkono mtupu? Au uzi huu ni wa wenye nacho?

#9 Muuguzi wa Makorora, Alhamisi saa 3:10 usiku

Swali la haki mdogo wangu. Kweli, ya kulipia ni ya kulipia, na inauzwa kupitia madirisha tofauti, EBSCO, Ovid, ProQuest, kwa hiyo hata alama zake zinatofautiana kidogo dirisha kwa dirisha. Soma ukurasa wa msaada wa dirisha lako, ni dakika tano.

Ila mbinu ni ileile hata pa bure. PubMed iko wazi kwa dunia nzima tangu 1997, na ya saikolojia na magonjwa ya akili imo tele. Nayo ina leja yake, inaitwa MeSH. Angalia kioja: kule PsycInfo ni "Postpartum Depression", huku PubMed ni "Depression, Postpartum". Ugonjwa uleule, jina la ukoo limetangulizwa kama kwenye daftari la mahudhurio. Mabinti wajawazito ni "Pregnancy in Adolescence". Ukiwa mwalimu, ERIC ya Wizara ya Elimu ya Marekani ni bure, saikolojia ya shule iko tele kule. Na AJOL, ya majarida ya Afrika, ilianza 1998, sasa iko Afrika Kusini. Kule utakutana na majarida ya kwetu ambayo wakubwa hawayahesabu. Utaftaji wake ni wa kizamani kidogo, maneno mawili matatu tu yanatosha, usiibebeshe masanduku.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Research4Life. Ndani yake kuna mpango wa afya wa HINARI, wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, ulioanza 2002, na taasisi za nchi kama yetu zinasajiliwa kupata majarida ya kulipia. Siyo mtu mmoja mmoja, ni taasisi: chuo, hospitali, kituo cha utafiti. Muulize mkutubi wako nywila, usikubali jibu la "sijui". Kwangu nilizungushwa miezi, mwisho nikakuta nywila imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, karatasi imegeuka njano.

Ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi. Imeli yake mara nyingi iko karibu na ikisiri. Mistari mitatu, salamu, wewe nani, unaomba nini. Mimi nimeandika mara nne, watatu wamejibu, mmoja siku hiyohiyo.

#10 Mstaafu wa Rafu, Alhamisi saa 3:25 usiku

Nyongeza ya PubMed. Ile ukiandika neno la kawaida inalitafsiri yenyewe kwenda kwenye jina lake rasmi bila kukuambia. Ukiweka nyota au ukalifungia kwenye alama za semi, tafsiri hiyo umeizima. Kwa hiyo nyota ni nzuri PsycInfo, PubMed iwe kwa kiasi. Na nyota fupi ni balaa kotekote: psych* itakuletea saikolojia, magonjwa ya akili, wendawazimu na waganga wa kutabiri kwenye sinia moja.

#11 Mwalimu wa Pangani, Ijumaa saa 11:20 alfajiri

Asalaam aleikum jamani. Nimesoma uzi wote nikisubiri basi.

Mimi ni mwalimu mshauri, sekondari. Wanafunzi wangu hawasemi "nina sonona". Hawasemi hata huzuni. Wanasema "mwalimu nina mawazo". Mama zao pia, "ana mawazo yule, hali". Nataka kusoma juu ya hiyo *mawazo* yenyewe, siyo nimgeuze mtoto kuwa mgonjwa wa Kizungu ndiyo nimsome. Naandika thoughts, napata falsafa. Naandika worry, napata wanafunzi wa Ulaya wanaohofia mtihani. Leja hii ina jina la huku kwetu au haina?

#12 Muuguzi wa Makorora, Ijumaa saa 7:30 mchana

Waaleikum salaam mwalimu. Swali lako limenikalisha mchana mzima, chakula kimepoa.

Lina jina. Watafiti waliwasikia watu kama wanafunzi wako kwenye nchi nyingi wakisema kitu kilekile, wakakiita "thinking too much". Uandike hivyohivyo, ndani ya alama za semi, maneno matatu. Kuna mapitio makubwa ya mwaka 2015 ya Bonnie Kaiser na wenzake kwenye jarida la Social Science and Medicine, yaliyokusanya tafiti za msemo huo kutoka sehemu nyingi za dunia. Anza na hayo kama mimi nilivyoanza na yangu, kisha fuata aliowanukuu na waliomnukuu.

Rafu yenyewe kubwa inaitwa "idioms of distress", yaani namna watu wa mahali wanavyolisemea teso. Na Washona wa Zimbabwe wametutangulia: neno lao *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, limeingizwa kwenye DSM-5 ya 2013, ule mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, kwa Kishona chake kilekile. Andika kufungisisa tu, neno adimu kama alivyosema mzee kuhusu Lutindi, utaona kinachokuja. Utafika kwa Dixon Chibanda na mabenchi yake, wale akina bibi wa Harare waliofundishwa kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza. Matokeo yao yalitoka kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, mwaka 2016.

Na jaribu njia ya mlango wa nyuma: tafuta kwa jina la kipimo badala ya ugonjwa. PsycInfo ina sehemu ya vipimo vilivyotumika. Mimi nilitafuta dodoso la Edinburgh la 1987, lile la maswali kumi ya kupima sonona baada ya kujifungua, nikaliunganisha na Swahili OR Kiswahili. Andika zote mbili, maana Wazungu wamegawanyika. Hapo ndipo utamwona mtafiti aliyelazimika kutafsiri "mawazo" kwa mikono yake, na ndani ya makala anaeleza alivyohangaika.

Pia usiishie Horohoro. Mpaka ni wa forodha, mama wa Kilifi na mama wa Pangani wanasema lugha moja, na watafiti wa pale Kilifi wameandika mengi. Ongeza Kilifi na Mombasa kwenye sanduku lako la tatu.

#13 Sahare Boy, Ijumaa saa 2:15 usiku

Sawa, nakubali nusu. Nimejaribu PubMed kwa ubishi tu, mada yangu ni tabia za bodaboda barabarani. Kisha tukaingia kanzidata ya chuo cha rafiki yangu, nikaandika behaviour kwa "u" kama tulivyofundishwa shule. Yeye kaandika behavior bila "u". Kanzidata ileile imempa vingine na mimi vingine!

Na kule Scholar kumbe nilikuwa naandika "or" kwa herufi ndogo miaka yote hii. Inaichukulia kama neno la kawaida tu. Miaka yote hii, wakuu.

#14 Mstaafu wa Rafu, Ijumaa saa 2:31 usiku

Andika behaviour OR behavior uende ukalale. Herufi kubwa.

#15 Binti wa Muheza, Jumamosi saa 4:00 asubuhi

Nimeuliza hospitali ninapofanya mazoezi. HINARI wanayo! Hakuna aliyekuwa anaijua isipokuwa kaka wa kompyuta. Nina swali dogo: nikizima laptopu kila kitu kinapotea, kesho naanza upya, na sikumbuki jana niliandika nini.

#16 Muuguzi wa Makorora, Jumamosi saa 5:12 asubuhi

Hongera! Fungua akaunti yako ndani ya kanzidata, ni bure, tofauti na nywila ya taasisi. Utaftaji wako utauhifadhi, na unaweza kuagiza ikutumie imeli kila makala mpya ikiingia. Kwenye ukurasa wa historia kila utaftaji una namba, unaweza kuunganisha wa kwanza na wa tatu kwa AND bila kuandika tena.

Ila na daftari liwepo. Langu lina mistari mitano kwa kila kikao: tarehe, kanzidata gani, niliandika nini herufi kwa herufi, vichujio gani, zimekuja ngapi. Supavaiza ataliuliza, na ukiwa unafanya mapitio ya kimfumo (systematic review), bila hilo kazi haipokelewi. Laptopu yangu ilizama chai mwezi wa tatu. Daftari lilipona.

#17 Mwalimu wa Pangani, Jumapili saa 1:45 usiku

Ndugu zangu, nimeyapata mapitio ya 2015 na nimeyasoma mara mbili, kalamu mkononi. Kuna mahali wanaonya kwamba kuwaza kupita kiasi na sonona si kitu kimoja, vinapandana tu. Nimekaa kimya muda mrefu hapo. Kesho naenda kuchapa nakala stesheneri, moja naibandika ofisini ili wenzangu waache kusema mtoto anajidekeza.

Bi Muuguzi, yule binti wa benchi la mwisho yukoje?

#18 Muuguzi wa Makorora, Jumapili saa 3:20 usiku

Mwalimu, mengi siwezi kuandika humu, ni ya kliniki.

Alikuja Jumatatu. Nilifunga mlango, nikamsomea yale maswali kumi kwa Kiswahili cha kwetu, polepole. Tulipofika lile la usingizi, bibi yake alitoka nje mwenyewe, hakuambiwa. Tulikaa nusu saa kwenye swali hilo moja. Sasa yuko mikononi mwa daktari na anarudi kwangu kila wiki mbili.